Dawa Iachwayo Ndani ya Jeraha: Njia ya Kuzuia Saratani ya Ubongo Isirejee

Wengi hudhani kuwa mpasuaji akishautoa uvimbe wa saratani, maradhi yamekwisha. Sivyo. Jicho huuona uvimbe, lakini haliwezi kuziona chembe zilizobaki pembezoni mwake. Katika glioblastoma, saratani kali ya ubongo, chembe hizo hujipenyeza mbali, na mara nyingi maradhi hurejea ndani ya sentimita 2 kutoka pale palipokatwa. Kwingineko mwilini daktari aweza kukata kwa upana zaidi. Ubongo haukatwi hivyo, kwani ndani yake mna usemi, kumbukumbu na mwendo wa viungo.

Kwa nini dawa isitiwe mshipani?

Ubongo una kizuizi chake: kuta za mishipa yake ya damu zimebana, na dawa nyingi hazipiti. Hata ile ipitayo, kama kamustini, kipimo chake kikizidi hudhuru uboho na mapafu.

Njia iliyobuniwa

Robert Langer, mhandisi wa chuo cha MIT, na Henry Brem, mpasuaji wa Johns Hopkins, walishiriki kubuni visahani vyembamba vya polima vilivyochanganywa na kamustini. Kila kimoja kina miligramu 7.7 za dawa, na huwekwa visivyozidi 8 katika shimo lililoachwa na uvimbe. Polima hiyo huliwa na maji ya mwili kuanzia juu, kama kipande cha sabuni kiishavyo majini, na dawa hutoka kidogo kidogo. Hakuna haja ya kumpasua mgonjwa tena ili kuviondoa.

Manufaa yake

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, wagonjwa 222 ambao uvimbe wao ulikuwa umerejea walifuatiliwa. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa wiki 31 kwa waliopewa dawa, na wiki 23 kwa waliowekewa visahani vitupu. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 1996. Utafiti wa mwaka 2003, wa wagonjwa wapya 240, ulionyesha miezi 13.9 dhidi ya 11.6.

Madhara yake

Kwanza, ubongo waweza kuvimba. Pili, jeraha huweza kuchelewa kupona, kupata uambukizo au kuvuja maji ya ubongo. Tatu, mgonjwa aweza kupatwa na kifafa.

Hitimisho

Ni dhahiri basi kuwa visahani hivi haviponyi. Huongeza muda, na muda wenyewe ni mfupi. Wala havichukui nafasi ya mionzi. Juu ya hayo, huwekwa wakati fuvu li wazi, na likishafungwa nafasi hiyo imepita. Kwa hiyo mgonjwa na jamaa zake wamuulize daktari kabla ya siku ya upasuaji: Je, tiba hii inamfaa? Inapatikana hapa? Wiki zinazotarajiwa zinalingana na madhara yanayohofiwa? Jibu la kweli, hata likiwa chungu, ni haki ya mgonjwa.