Kano ya Mtupaji: Kwa Nini Timu ya Besiboli Humlipa Mtu Asiyeweza Kurusha

Mwezi Novemba 2021 timu ya besiboli ya Houston Astros, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ilikubaliana na mtupaji Justin Verlander kumlipa dola milioni 25 kwa kazi ya msimu mmoja. Verlander alikuwa na umri wa miaka 38. Katika misimu miwili iliyotangulia alikuwa ameshiriki mchezo mmoja tu wa ligi, mnamo Julai 2020, na mwezi Septemba mwaka huo madaktari walikuwa wamempasua mkono wa kulia ili kumtengenezea upya kano ya kisugudi. (Kisugudi ndicho ambacho wengi siku hizi hukiita kiwiko.) Kwa mtu asiyeujua mchezo huo, biashara ya namna hii yafanana na kununua mtumbwi uliotoboka. Hata hivyo wanunuzi hawakuwa wajinga, na sababu zao haziwezi kueleweka bila kuuchunguza kwanza mkono wenyewe.

Besiboli ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji tisa tisa, nao una undugu wa mbali na kriketi. Mtupaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo, umbali wa mita 18.44 kutoka mahali pa mpigaji, na kurusha mpira wenye uzito wa gramu 142 hadi 149. Mrushaji wa kriketi hupata mbio kabla ya kurusha, na sheria humkataza kuukunjua mkono kwa ghafla. Mtupaji wa besiboli hana mbio, bali anao uhuru wa kuukunja na kuukunjua mkono apendavyo. Mpira wa mtupaji hodari huenda kilomita 150 kwa saa na zaidi, yaani karibu mita 42 kwa sekunde, na humfikia mpigaji kwa muda wa kama sehemu nne za kumi za sekunde.

Mwendokasi huo hautoki mkononi peke yake. Huanzia miguuni, ukapita nyonga na kiwiliwili, ukaishia vidoleni, kama wimbi lipitavyo katika mjeledi. Kiwiliwili kinapogeuka mbele, kigasha pamoja na mpira hubaki nyuma kwa kitambo kidogo sana, mkono ukiwa umepinda kinyumenyume hata mtazamaji akadhani utavunjika. Kisha mkono wa juu huzunguka begani kwa kasi ya nyuzi 7,000 hivi kwa sekunde. Kama mzunguko huo ungeweza kuendelea bila kukoma, ungekuwa mizunguko 19 kwa kila sekunde. Katika mwili wa binadamu ni nadra kupata tendo lenye kasi kuliko hilo.

Hatari iko katika kile kitambo kigasha kinapobaki nyuma. Wakati huo upande wa ndani wa kisugudi huvutwa kana kwamba kiungo kinataka kufunguliwa kwa ubavu. Vipimo vilivyofanywa maabarani kwa watupaji wazoefu vimeonyesha kuwa ili kulizuia pigo hilo kisugudi hutoa momenti ya nyutoni-mita 64 hivi. Mwalimu wa fizikia anaweza kuigeuza hesabu hiyo iwe picha. Tuseme mkono wa juu umefungwa imara mezani, kisugudi kimekunjwa kwa pembe mraba, na kigasha kimelazwa sambamba na sakafu, upande wa ndani wa kisugudi ukitazama juu. Kutoka kisugudi hadi kiganja ni kama mita 0.36. Ili kupata momenti ya nyutoni-mita 64 itabidi kuning'iniza kiganjani uzito wa kilo 18, yaani debe zima la maji. Mtupaji hulibeba debe hilo kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hulirudia mara 90 au 100 katika mchezo mmoja. (Jaribio hili ni la mawazo tu, lisifanywe kwa mkono wa mwanafunzi.)

Ni nini kinachokizuia kiungo kisifunguke? Kiswahili cha kawaida huita kano nyuzi zote ngumu zilizomo mwilini, lakini mwanabiolojia hana budi kutofautisha aina mbili. Kano ya msuli huunganisha msuli na mfupa, na kazi yake ni kuvuta. Kano ya kiungo huunganisha mfupa na mfupa, na kazi yake ni kuzuia. Upande wa ndani wa kisugudi iko kano ya kiungo, fupi na nene, itokayo katika mfupa wa mkono wa juu na kushikamana na ulna, mmoja wa mifupa miwili ya kigasha. Wataalamu walipoipima kano hiyo katika mikono ya maiti waliona kuwa hukatika kwa momenti ya nyutoni-mita 32 hivi.

Msomaji makini atakuwa ameshtuka. Ikiwa kurusha kwahitaji 64 na kano hukatika kwa 32, mbona kila mtupaji hakatiki kano kwa mpira wa kwanza? Jibu ni kwamba kano haiko peke yake. Misuli ya kigasha ipitayo upande huo wa ndani hukaza na kuchukua sehemu ya mzigo, na mifupa yenyewe husukumana upande wa nje na kuchukua sehemu nyingine. Lakini misuli huchoka, nayo inapochoka, mzigo wake huiangukia kano. Kano haina namna ya kuchoka kwa maumivu ya mapema kama msuli. Nyuzi zake za kolajeni huchanika moja moja, kimyakimya, kama kamba ya nanga inayosagika kwenye mwamba, mpaka siku moja zilizosalia zinapokatika kwa pamoja.

Besiboli haina umiliki wa jeraha hilo. Maelezo yake ya awali katika maandishi ya kitabibu yalitolewa mwaka 1946 na daktari wa Kifini aitwaye Waris, naye aliwachunguza warusha mkuki. Mkuki wa wanaume una gramu 800, nao hurushwa kwa mkono uliobaki nyuma vilevile. Wanafunzi waliomwona Julius Yego wa Kenya akirusha mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 wameliona tendo lenyewe.

Kwa muda mrefu mtupaji aliyekatika kano hiyo alikuwa amemaliza kazi. Mambo yalibadilika kwa mtu mmoja. Tarehe 17 Julai 1974 Tommy John, mtupaji wa mkono wa kushoto wa timu ya Los Angeles Dodgers, aliumia kisugudi akiwa mchezoni. Mapumziko hayakusaidia. Tarehe 25 Septemba mwaka huo Dakta Frank Jobe alichukua kano ya msuli kutoka kigasha cha kulia cha mchezaji huyo, akatoboa matundu katika mifupa ya kisugudi cha kushoto, na kuipitisha kano hiyo humo kama mshona viatu apitishavyo uzi. Jobe alimwambia mgonjwa wake kuwa nafasi ya kurudi uwanjani ilikuwa moja katika mia. John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na mwaka 1977 akapata ushindi 20. Alipostaafu mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 46, alikuwa na ushindi 288, na kati ya huo 164 aliupata baada ya upasuaji. Hata leo upasuaji huo waitwa kwa jina la mgonjwa, si la daktari, jambo lisilo la kawaida katika tiba.

Kano iliyochukuliwa na Jobe ni ile nyembamba ya kigasha ambayo watu wengi wanaweza kuiona. Mwanafunzi agusishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kidogo kifundo cha mkono: uzi utakaotuna katikati ndio wenyewe. Katika darasa moja yamkini watapatikana wachache wasio nao, hasa katika mkono mmoja, nao hawana upungufu wowote wa nguvu. Kano hiyo yaweza kutolewa bila mwenyewe kupata hasara kubwa. Asiye nayo huchukuliwa kano kutoka mguuni.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kipandikizi hakiwi kano ya kiungo kwa kufungwa tu mahali pake. Siku kinapowekwa kimekatwa na mishipa yake ya damu, na seli nyingi zilizomo hufa. Kinachobaki ni kiunzi cha kolajeni. Katika majuma yanayofuata mishipa mipya ya damu hupenya ndani ya kiunzi hicho, seli mpya huingia pamoja nayo, zikaanza kuzibomoa nyuzi za zamani na kujenga mpya zinazoelekea upande wa mvuto. Mengi yanayojulikana juu ya mabadiliko haya yametokana na uchunguzi wa vipandikizi vya goti, na kwa sehemu kubwa wa wanyama, lakini mpangilio wake hautiliwi shaka: katika miezi ya kwanza kipandikizi hudhoofika kabla ya kuimarika, na ujenzi huendelea kwa mwaka na zaidi. Kwa hiyo mtupaji haruhusiwi hata kurusha mpira polepole mpaka miezi kadhaa ipite, ingawa jeraha la ngozi limekwisha pona na mwenyewe anajiona mzima. Fedha zaweza kununua daktari bora na mazoezi bora. Hazijaweza kuziharakisha seli.

Tena hakuna kipimo cha kuionyesha nguvu ya kipandikizi kikiwa ndani ya mtu aliye hai. Picha za sumaku huonyesha umbo, hazionyeshi kitakatika kwa momenti gani. Kuangalia kasi ya mpira nako kwaweza kupotosha, kwa sababu kasi hutengenezwa na misuli, ilhali kazi ya kano ni kuvumilia kasi hiyo. Verlander alipojaribiwa mbele ya wajumbe wa timu nyingi mwezi Novemba 2021, mpira wake ulikuwa na kasi ya kuridhisha. Jambo hilo lilithibitisha kuwa misuli yake imerudi. Juu ya kano, ushahidi mkubwa ulikuwa kalenda: miezi 13 ilikuwa imepita, na hadi msimu kuanza ingekuwa miezi 18.

Yaliyobaki ni hesabu ya bahati. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, wa watupaji 179 wa ligi kuu ya Marekani waliofanyiwa upasuaji huo, ulionyesha kuwa asilimia 83 walirudi katika ligi hiyo, kwa wastani baada ya miezi 20 hivi. Tuchukue sasa mfano wa kubuni. Timu yaweza kumwajiri mtupaji mzima wa wastani atakayeipatia ushindi 10, au majeruhi hodari ambaye akipona ataipatia 18 na asipopona hataipatia kitu. Nafasi ya kupona ikiwa 0.7, tarajio la majeruhi ni 12.6, na afadhali kumchukua yeye. Ikiwa 0.5, tarajio ni 9, na afadhali kumwacha. Ubishi wote mezani basi ni juu ya tarakimu hiyo moja, na timu iliyokuwa ikimtibu mchezaji huijua kuliko nyingine. Astros walikuwa na faili ya Verlander tangu siku ya kwanza. Mwaka 2022 alishinda michezo 18 na kushindwa minne. Wapinzani walipata wastani wa pointi 1.75 tu kwa kila vipindi tisa alivyorusha. Akapewa tuzo ya mtupaji bora wa ligi yake, na timu ikatwaa ubingwa.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mtu wa pili kufanyiwa upasuaji wa Jobe, mwaka 1978, alikuwa Brent Strom, naye hakurusha tena katika ligi kuu. Alikuja kuwa mwalimu wa watupaji, na hadi 2021 alikuwa akiwafundisha watupaji wa Astros, Verlander akiwamo. Mwezi Desemba 2022 timu ya Texas Rangers ilimpa Jacob deGrom mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 185. Kano yake ilikuwa imetengenezwa mwaka 2010, na katika misimu miwili kabla ya mkataba alikuwa ameumia mara kwa mara. Alirusha katika michezo sita tu ya mwaka 2023, kisha kano ikahitaji kutengenezwa mara ya pili.

Habari za akina John na Verlander zimezaa imani moja mbaya huko Marekani, kwamba upasuaji huufanya mkono kuwa na nguvu kuliko ulivyozaliwa. Haufanyi hivyo. Anayerudi na kasi zaidi ameipata kwa mwaka mzima wa mazoezi ya miguu, kiwiliwili na bega, ambayo angeweza kuyafanya bila kisu. Uchunguzi wa Marekani kwa miaka ya 2007 hadi 2011 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliofanyiwa upasuaji huo walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Huo ndio umri wa wanafunzi wa sekondari, na sababu inayotajwa zaidi ni ileile ya misuli iliyochoka: kurusha mara nyingi mno, miezi mingi mno ya mwaka, bila kupumzika. Mwalimu wa michezo anayehesabu mitupo ya mkuki ya mwanafunzi wake kabla ya mashindano anafanya kazi ambayo hakuna daktari awezaye kuifanya baadaye kwa urahisi.

Mkataba mkubwa kupita yote hiyo uliandikwa Desemba 2023, Los Angeles Dodgers walipokubali kumlipa Mjapani Shohei Ohtani dola milioni 700 kwa miaka kumi, miezi mitatu tu baada ya kupasuliwa kisugudi cha kulia kwa mara ya pili. Ohtani ni mtupaji na pia mpigaji. Mwaka 2024 alipiga mipira 54 nje ya uwanja kwa mkono uleule usioruhusiwa kurusha, kwa sababu gongo hushikwa kwa mikono miwili na kisugudi hakifunguliwi kwa ubavu kama wakati wa kurusha. Bega la kushoto aliloliumia katika fainali za mwaka huo lilimchelewesha zaidi. Aliporusha tena, tarehe 16 Juni 2025, miezi 21 ilikuwa imepita. Mpira wake mmoja ulizidi kilomita 160 kwa saa. Alirusha kipindi kimoja, mipira 28, na timu ikampumzisha kutupa kwa siku hiyo.