Melanoma Inapovuka Kondo la Nyuma: Mama, Mtoto na Mafundisho ya Kanisa

Katika huduma za kichungaji kwa wagonjwa tunaulizwa swali hili: mama mjamzito akiwa na saratani, je, mtoto aliye tumboni naye huipata? Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mume au mama mkwe, na nyuma yake hujificha swali la pili lisilotamkwa, yaani kama si afadhali mimba hiyo itolewe. Tumeona vema kulijibu la kwanza kwa ukamilifu, kwa kuwa la pili hulishwa na hofu ya la kwanza.

Tunaizungumzia hasa melanoma, kwa sababu kati ya saratani zote ndiyo inayojulikana zaidi kwa kufika kwenye kondo la nyuma. Ni saratani inayoanzia katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Wengi wetu huidhania kuwa ugonjwa wa Wazungu waliounguzwa na jua. Ni kweli kwamba wenye ngozi nyeupe huipata zaidi. Lakini kwa Mwafrika hujitokeza mara nyingi mahali ambapo jua halifiki sana: kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki tarehe 11 Mei 1981, aliugua melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Vijijini kwetu baka jeusi la unyayo hudhaniwa kuwa ni mwiba uliobaki ndani au kovu la jembe. Mama mjamzito huchelewa zaidi, kwa sababu kila mtu humwambia kwamba ngozi hubadilika wakati wa mimba. Baka linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi zinazobadilika, na kidonda cha unyayo kisichopona kwa majuma kadhaa, vinahitaji kuonwa na daktari, akate kipande kidogo kikapimwe. Ganzi ya mahali pale inatosha, na mimba si kizuizi.

Turudi kwa mtoto. Daktari Mjerumani Friedreich aliandika kisa cha kwanza cha saratani iliyohama kutoka kwa mama hadi kwa mtoto mnamo 1866, na tangu hapo visa vilivyothibitishwa vimebaki vichache mno. Saratani ya aina yoyote hugunduliwa katika takriban mimba moja kati ya 1,000. Na inakadiriwa kwamba, katika akina mama 500,000 wenye saratani, ni mtoto mmoja tu anayeambukizwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikusanya visa 87 ambamo saratani ya mama ilikuwa imefika kwenye kondo la nyuma au kwa mtoto. Visa 27 vilikuwa vya melanoma, na katika hivyo 27 watoto walioathirika walikuwa 6, ambao 5 kati yao walifariki. Hesabu hii isomwe kwa uangalifu. Haisemi kwamba katika kila akina mama 27 wenye melanoma watoto 6 huugua. Inawahusu wale tu ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa mwilini hata kufika kwenye kondo. Mama ambaye baka lake liliondolewa likiwa bado jembamba hayumo katika hesabu hiyo, naye asitishwe kwayo.

Kwa nini ni nadra hivyo? Kondo la nyuma si bomba linalomimina damu ya mama ndani ya mtoto. Damu ya mama huzunguka nje ya vijinyuzi laini vya kondo, kama maji ya bahari yanavyoizunguka mizizi ya mikoko, nayo damu ya mtoto hupita ndani ya vijinyuzi hivyo. Hewa na chakula hupenya katika ukuta ulio kati yao, lakini seli nzima hupenya kwa shida. Ndiyo maana hata pale seli za saratani zinapofika kwenye kondo, mara nyingi hubaki upande wa mama. Tena kuna mlinzi wa pili. Mtoto amepokea nusu ya alama za seli zake kutoka kwa baba. Kwa hiyo seli ya mama ina alama nyingine ambazo mtoto hanazo, na kinga yake inaweza kuitambua kuwa ni ngeni na kuiangamiza. Mwaka 2009 wataalamu walieleza kisa cha mtoto wa Japani aliyepata saratani ya damu kutoka kwa mama yake: seli zile zilikuwa zimepoteza alama ambazo zingezisaliti, zikapita bila kutambuliwa.

Hapo msomaji ataona kwamba ugonjwa huu haurithiwi kama rangi ya macho, wala si laana ya ukoo. Ni seli za mama zilizohama. Maneno ya kumlaumu mama kwamba "amempa mtoto donda lake" hayana msingi wowote, si wa kitabibu wala wa kiimani, na tunawaomba ndugu wa mume hasa wayaache.

Sasa swali lile lisilotamkwa. Utoaji mimba hauitibu melanoma. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba ukilinganisha wanawake wenye ugonjwa wa kiwango kilekile, mimba yenyewe haiwapunguzii uhai, na kuitoa hakuwaongezei. Anayemshauri mama kuua mtoto ili apone, anamtaka atoe uhai mmoja bila kuupata mwingine. Na hata kama kungekuwa na faida, Kanisa halikubali kamwe kumuua kwa makusudi asiye na hatia.

Lakini wapo wanaokosea kwa upande wa pili, na hili linatusikitisha zaidi kwa kuwa hufanywa kwa jina la dini: kumwambia mama kwamba uchaji unamtaka akatae tiba mpaka ajifungue. Kanisa halijafundisha hivyo. Mnamo Novemba 1951, Papa Pio XII alieleza kwamba tiba inayolazimika ili kuokoa uhai wa mama, isiyolenga kumdhuru mtoto, haihesabiwi kuwa shambulio la moja kwa moja dhidi ya uhai wake, hata kama kifo cha mtoto kingefuata bila kutakwa na bila kuepukika. Kwa melanoma iliyowahiwa suala hilo gumu kwa kawaida halifiki, maana upasuaji wa ngozi unaweza kufanyika katika mwezi wowote wa mimba. Ugumu hutokea ugonjwa ukisambaa: dawa nyingi hazimfai mtoto katika miezi mitatu ya kwanza, na nyingine zinaepukwa mimba nzima. Hapo madaktari hupima kama tiba inaweza kungoja hadi mtoto aweze kuishi nje ya tumbo. Mama ana haki ya kuelezwa yote haya kwa lugha anayoielewa.

Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari na mama wa familia, hutajwa mara nyingi mimbarini kana kwamba alikataa tiba ya saratani. Sivyo. Alikuwa na uvimbe wa kawaida kwenye mfuko wa uzazi, usio saratani, na mwaka 1961 alikubali kupasuliwa uondolewe, mimba ikabaki. Binti yake alizaliwa tarehe 21 Aprili 1962, naye akafariki siku saba baadaye kwa maambukizi ya tumboni. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2004.

Mama mwenye melanoma anapojifungua, kondo la nyuma lipelekwe maabara likachunguzwe, hata likionekana zima kwa macho. Katika makabila yetu mengi kondo huzikwa nyumbani, na bibi akisikia limebaki hospitali huona jambo baya limetendeka. Desturi hiyo ina heshima yake, nasi hatuidharau. Familia iombe mapema kwamba baada ya uchunguzi irudishiwe kilichobaki, kama taratibu za hospitali zinaruhusu. Seli za saratani zikionekana humo, mtoto hahesabiwi kuwa mgonjwa. Anahitaji kufuatiliwa kwa ukaribu, ngozi, ini na mapafu, kwa kuwa ugonjwa ukiwepo kwa kawaida hujitokeza katika miezi ya mwanzo. Kuhusu kunyonyesha, mama amuulize daktari kulingana na dawa anazotumia.

Mama huyu aitiwe padre apokee Mpako wa Wagonjwa kabla ya upasuaji mzito au tiba kali; sakramenti hiyo si ya wanaokata roho peke yao. Mtoto akizaliwa salama, abatizwe kwa utaratibu wa kawaida wa parokia. Akiwa katika hatari ya kufa na padre au shemasi hayupo, muuguzi au mtu mwingine yeyote mwenye nia ya kutenda litendwalo na Kanisa anaweza kummiminia maji kichwani na kumbatiza kwa jina la Utatu Mtakatifu, kisha paroko ajulishwe ili jina liandikwe katika kitabu cha ubatizo.