Kutoboa Viwanja vya Gofu Wakati wa Joto

Kila mkulima ajua ya kuwa miche haihamishwi saa sita mchana katika jua kali. Hungojewa jioni, au siku ya mawingu. Leo twataka kuwaelezeni habari za watu wengine walichunguzao jua vivyo hivyo, nao ni watunzaji wa viwanja vya gofu huko Marekani. Msicheke. Mchezo ni mchezo, lakini majani ni mmea, na kuyatunza ni ukulima kamili.

Kiwanja kikubwa cha gofu kina mashimo 18, na kila shimo lipo katikati ya majani mafupi mno, mfano wa zulia. Mahali hapo huitwa grini. Majani yake hukatwa karibu kila siku, hata urefu wake huwa kiasi cha sehemu ya nane ya inchi tu, na watu huyakanyaga tangu asubuhi hata jioni. Nanyi mwajua hali ya ua wa nyumba upitwao na watu wengi: udongo hushindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, maji hayazami, wala hewa haipenyi. Mizizi nayo huvuta pumzi. Ikikosa hewa, hufa.

Kwa sababu hiyo grini hutobolewa kwa mashine yenye meno yaliyo wazi ndani, kama vipande vya bomba. Kila jino huzama inchi 3 hivi na kutoa kipande cha udongo, kisha matundu hujazwa mchanga. Grini hubaki na alama kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na mpira hurukaruka juu yake. Wachezaji hawaipendi kazi hiyo hata kidogo. Humwuliza mtunzaji, “Mbona watoboa sasa, grini zikiwa laini na hali ya hewa ni njema? Si ungengoja Julai, joto litakapotufukuza?” Akiwasikiliza bila kufikiri, huenda akazipoteza grini zake.

Jambo lenyewe hutegemea aina ya majani. Katika majimbo ya kaskazini na ya katikati, grini nyingi ni za majani yaitwayo benti, ambayo asili yake ni nchi za baridi. Benti hustawi joto likiwa kati ya digrii 60 na 75 za Fahrenheit, na mizizi yake hutaka udongo wa baridi zaidi ya hapo. Joto likizidi digrii 85, mmea huanza kula akiba yake, maana chakula utengenezacho hakiutoshi. Mathalan huko Virginia, ambako hata usiku wa kiangazi una joto, mizizi iliyokuwa mirefu mwezi wa Mei huenda ikabaki inchi moja au mbili ifikapo Agosti. Kuitoboa grini ya namna hiyo kwa meno mapana ni kumpasua mgonjwa aliyeishiwa damu. Kingo za matundu hukauka, mchanga hukwaruza majani yaliyo dhaifu, na tundu ambalo lingezibika kwa majuma 2 au 3 hubaki wazi. Ndiyo maana benti hutobolewa wakati wa machipuko, au joto likiisha kupungua mwezi wa Septemba.

Walakini udongo ule ule huhitaji hewa zaidi wakati wa joto, maana hapo mizizi na vijidudu vya udongoni huvuta pumzi kwa wingi. Na kama mvua imeujaza maji, hewa haina njia. Mtunzaji afanyeje? Hutumia meno membamba kama misumari, yasiyotoa udongo. Huanza asubuhi na mapema, ardhi ikiwa na unyevu lakini si tope, kisha hunyunyiza maji kidogo. Matundu hayo hayaonekani baada ya siku chache, na mchezo hauharibiki.

Majimbo ya kusini, kama Georgia na Florida, mambo yamepinduka. Huko grini nyingi ni za ukoka, jamaa wa ukoka huu huu mnaoulaani mashambani. Bwana Glenn Burton wa Tifton, Georgia, alitoa aina ya Tifgreen mwaka 1956, ambayo mzazi wake mmoja ni ukoka mwembamba wa asili ya Transvaal, Afrika ya Kusini. Ukoka hupenda joto la digrii 80 hata 95. Basi hutobolewa kwa meno mapana Juni na Julai, wakati unapotambaa kwa nguvu. Ukitobolewa karibu na majira ya baridi, hulala na matundu yake mpaka joto lirudi.

Mtunzaji mzoefu hategemei kalenda peke yake. Hukata kipande cha grini kwa kisu, akakigeuza na kupima mizizi kwa kidole. Ikiwa ni mirefu na myeupe, huileta mashine. Ikiwa ni mifupi na ya rangi ya udongo, hukirudisha kipande mahali pake, akakikanyaga taratibu, akaenda kuwaambia wachezaji kwamba tarehe imeahirishwa.