Ghorofa 321 Ndani ya Chipu

Kadi ya memori ya simu, ile ndogo kabisa, ina urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1. Vipimo hivyo havijabadilika tangu ilipoingia sokoni miaka ya 2000. Kilichobadilika ni inachobeba. Zile za mwanzo zilikuwa na makumi ya megabaiti, nafasi ya nyimbo kadhaa tu. Mwaka 2019 SanDisk na Micron zilitangaza kadi za terabaiti 1, umbo likiwa lilelile.

Nafasi hiyo imepatikana kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza naisifu bila kusita. Ya pili ina gharama ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi.

Kumbukumbu ya aina hii, inayobaki na data hata umeme ukikatika, ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, katika miaka ya 1980. Muundo unaotumika leo kwenye flashi, simu na diski za SSD aliutangaza mwaka 1987. Kiini chake ni seli, yaani transista ndogo yenye mahali pa kunasa elektroni, pakiwa pamezungukwa na utando wa kuzuia chaji isivuje. Elektroni zikiwemo, seli husomeka 0. Zisipokuwemo, husomeka 1.

Kwa zaidi ya miaka 20 wahandisi waliongeza nafasi kwa kupunguza ukubwa wa seli. Walipofika kwenye nanomita 15 hivi, mambo yakagoma. Seli zilikaribiana mno hata chaji ya moja ikavuruga usomaji wa jirani yake, na elektroni zilizobaki katika kila seli zikawa chache, kiasi kwamba zikivuja kidogo tu data inapotea. Ikabidi wafanye kama Kariakoo: kiwanja kikiisha, jenga juu. Toshiba ilionyesha wazo hilo mwaka 2007, lakini Samsung ndiyo iliyotangulia kulizalisha kwa wingi, Agosti 2013, kwa chipu ya matabaka 24. Novemba 2024, SK hynix ya Korea Kusini ilitangaza kuanza kuzalisha chipu ya matabaka 321.

Kiwandani matabaka hayo hayakamilishwi moja moja. Kwanza hutandazwa utando juu ya utando, oksidi ya silikoni kisha nitridi ya silikoni, kwa kupokezana mara nyingi. Ndipo yanatobolewa matundu kutoka juu hadi chini kwa gesi iliyochajiwa umeme. Tundu lina upana wa nanomita 100 hivi, na kina chake ni makumi ya mara ya upana huo. Lazima linyooke. Likipinda, au likisinyaa kuelekea chini, seli za chini hazitafanana na za juu. Ndiyo maana chipu ya matabaka 321 hutobolewa kwa awamu 3, kisha matundu yakaunganishwa. Kuta za tundu hupakwa tabaka la kunasa elektroni na lile la silikoni. Nitridi huyeyushwa, na pengo lake hujazwa tungsteni ya kupitisha umeme. Kila tundu linapokutana na tungsteni panapatikana seli. Uzuri wa kazi hii ni kwamba seli haikulazimika tena kuwa ndogo kupita kiasi. Nafasi imeongezeka bila seli kudhoofika.

Njia ya pili ni kubana data zaidi ndani ya seli ileile. Chipu haiulizi tena kama elektroni zimo au hazimo. Inapima zimo kiasi gani. Biti 2 kwa seli zinahitaji viwango 4, biti 3 viwango 8, biti 4 viwango 16. Tazama hesabu hiyo: kutoka biti 3 hadi 4 nafasi inaongezeka kwa theluthi moja tu, ilhali viwango vya kutofautisha vinakuwa maradufu. Kuandika kunakuwa polepole, na utando unaopitisha elektroni kila data inapofutwa na kuandikwa upya unafikia ukomo mapema. Seli ya biti 1 ilivumilia mzunguko huo mara 100,000 hivi. Ya biti 4 hukadiriwa kuvumilia mara 1,000 hivi.

Kuna na joto, ambalo huharakisha uvujaji wa chaji. Viwango vya JEDEC, shirika la kuweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, vinataka SSD ya matumizi ya kawaida, ikishafikia kiasi cha kuandikwa ilichokadiriwa, itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzijoto 30. Kifaa kipya hutunza kwa muda mrefu zaidi, lakini chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa huvuka nyuzi hizo kwa urahisi msimu wa joto. Picha za harusi na nyaraka za shamba zisiachwe miaka kwenye flashi moja iliyofungiwa kabatini. Weka nakala ya pili kwenye diski ngumu ya sumaku.

Na ukiona flashi ya terabaiti 2 inauzwa kwa bei ya gigabaiti 32, jihadhari. Wapo wanaobadilisha programu ya ndani ili kifaa kidanganye ukubwa wake. Kikijaa, faili mpya huandikwa juu ya za zamani au hupotea kimyakimya. Programu za bure kama H2testw na F3 hujaza kifaa chote kisha zikakisoma tena. Zitumie siku ileile uliyonunua, ungali na risiti mkononi.