Si Kila Uvimbe wa Njia ya Haja Kubwa ni Bawasiri

Watu wanaoishi na virusi vya ukimwi (VVU), pamoja na watumishi wa afya wanaowahudumia, wanakumbushwa kwamba damu, uvimbe au muwasho usiokwisha katika njia ya haja kubwa usihukumiwe kuwa ni bawasiri kabla ya daktari kuchunguza. Wapo wanaojitibu nyumbani kwa malhamu na miti shamba miezi mingi, na kulificha jambo hilo hata kwa mwenzi wa ndoa.

Maradhi yanayokusudiwa hapa husababishwa na virusi vya papiloma, ambavyo aina zake zinakaribia 200 au zaidi. Aina ya 6 na ya 11 huleta chunjua za sehemu za siri, zenye kuudhi lakini ambazo ni nadra kugeuka saratani. Inayohofiwa zaidi ni aina ya 16. Mwaka 1983 mtaalamu wa Kijerumani, Harald zur Hausen, aliitambua katika saratani ya mlango wa kizazi, kazi iliyompatia Tunzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hiyo hiyo ndiyo inayokutwa katika sehemu kubwa ya saratani za njia ya haja kubwa.

Mwili wenye kinga nzuri aghalabu huviondoa virusi hivi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa mwenye VVU, hasa ambaye kinga yake iliwahi kushuka sana kabla ya kuanza dawa, virusi hukaa na kuzibadilisha chembe hai kidogo kidogo kwa miaka, bila ya maumivu yoyote. Dawa za ARV zimerefusha maisha, nayo ni neema kubwa. Lakini maradhi haya ya mwendo wa pole nayo yamepata muda wa kujitokeza.

Ni makosa kumhukumu mgonjwa kwa tabia yake. Virusi huenea kwa mgusano wa ngozi na huweza kufika sehemu hiyo bila ya mtu kuingiliwa kinyume na maumbile. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2021, nyingi zikitoka nchi tajiri, zilionesha kuwa kwa kila watu 100,000 wenye VVU, saratani hii huwapata kwa mwaka wanaume 85 miongoni mwa wanaojamiiana na wanaume, wanaume wengine 32, na wanawake 22. Kwa watu wote kwa jumla ni mmoja au wawili tu. Mwanamke aliyewahi kutibiwa mabadiliko ya mlango wa kizazi ana sababu zaidi ya kuchunguzwa.

Habari njema ni kwamba mabadiliko yakigunduliwa mapema hutibika. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu 4,446 wenye VVU, wa umri wa miaka 35 na zaidi, waliokwisha kuwa na mabadiliko makubwa. Waliotibiwa mapema, wengi wao kwa kuunguzwa sehemu iliyoathirika, walipungukiwa na hatari ya saratani kwa asilimia 57 kuliko waliofuatiliwa tu bila ya tiba.

Uchunguzi wa kutumia darubini maalumu huhitaji daktari aliyefunzwa, na haupatikani kila pahala. Kipimo cha kidole, hata hivyo, hakihitaji mashine, huchukua dakika chache na huweza kugundua uvimbe ungali mdogo.

Chanjo ya virusi hivi, iliyoanza kutolewa kote nchini Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana, huzuia maambukizo mapya lakini haitibu yaliyokwisha kuingia. Kwa hiyo mzazi asingoje. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye VVU wapewe dozi mbili kwa uchache, na ikiwezekana tatu.

Mwenye dalili zilizotajwa amueleze daktari anapokwenda kuchukua dawa zake. Haya ni sifa njema ya mtu, na hakuna anayetakiwa kuivua. Anayeona uzito kuchunguzwa na mtumishi wa jinsia nyengine anaweza kuomba wa jinsia yake, au kufuatana na jamaa anayemwamini.