Kusuka Nywele Laini za Mtoto: Mambo Ambayo Mzazi Anapaswa Kuyajua

Kusukwa saluni ni huduma kama huduma nyingine yoyote inayolipiwa. Mlaji anayo haki ya kupewa taarifa sahihi na kuhudumiwa kwa usalama, hata kama mlaji huyo ni binti wa miaka mitano. Katika makala haya tunawaeleza wazazi na walezi namna ya kumlinda mtoto mwenye nywele laini na nyembamba, ambazo hazihimili uzito wala mvuto mkubwa.

Madhara ya kukaza msuko

Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi kutoka katika mzizi uliomo ndani ya ngozi. Unapovutwa mara kwa mara, mzizi hudhoofika. Dalili za mwanzo hujitokeza zaidi kwenye paji la uso na juu ya masikio: maumivu, vipele vidogo na nywele kupungua. Msuko ukifumuliwa mapema na nywele zikapumzishwa, kwa kawaida huota tena. Mvuto ukiendelea kwa muda mrefu, mizizi hugeuka makovu na upara huwa wa kudumu.

Wapo wazazi wanaompa mtoto dawa ya kutuliza maumivu ili apate usingizi baada ya kusukwa. Tunashauri msuko unaouma ufumuliwe, kwa kuwa dawa huondoa maumivu na kuuacha mvuto palepale. Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Usemi huo usitumike kwa mtoto, ambaye hakuchagua mtindo.

Mitindo inayofaa

1. Twende kilioni au mistari ya ukubwa wa kati, isiyo na rasta.
2. Mabutu yaliyofungwa kwa kitambaa laini badala ya mpira mwembamba unaokata nywele.
3. Ikilazimu kutumia rasta, iwe fupi na nyepesi. Msuko mwembamba hushikwa na nywele chache, hivyo rasta ndefu huzielemea.

Misuko isikusanywe na kubanwa juu kwa nguvu, na nywele za pembeni zisilazimishwe kuingia katika msuko.

Kabla ya kununua na kulipa

Rasta nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za viwandani. Zioshe na kuzikausha kabla ya kusukia ikiwa ngozi ya mtoto huwashwa haraka. Nyuzi hizo huyeyuka kwa moto, na maji ya moto ya kulainishia ncha huweza kumbabua mtoto. Kazi hiyo ifanywe mbali na mwili wake.

Kwa mafuta ya nywele, soma lebo: jina la mtengenezaji, viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue yaliyopimwa kwenye kopo lisilo na lebo.

Kubaliana na msusi mapema kuhusu bei, mtindo na nani ataleta rasta. Mweleze kuwa mtoto akilalamika, mstari huo ufumuliwe na kusukwa upya. Dai risiti. Ukiuziwa bidhaa kwa maelezo ya uongo, itunze pamoja na kifungashio chake, kwani Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Endapo vipele vinatoa usaha au sehemu ya kichwa imebaki wazi, mpeleke mtoto kituo cha afya bila kusubiri.