Adui Akisema Ana Bomu, Mpimie Ardhini

Oktoba 9, 2006, Korea Kaskazini ilitangaza kwamba imelipua bomu la nyuklia chini ya ardhi, huko Punggye-ri. Wataalamu wengi walisita kuiamini. Mtetemo ulionaswa ulikuwa na ukubwa wa 4.1 tu, na mlipuko wenyewe ulikadiriwa kuwa na nguvu isiyofikia kilotani moja, wakati bomu la Hiroshima lilikuwa na takriban kilotani 15. Swali likaja lenyewe: je, hawa hawakujaza baruti ya kawaida ndani ya handaki ili kututisha?

Swali hilo lina namna ya kujibiwa. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kilichotikisa ardhi ni mlipuko, si tetemeko, na wakazi wa Oldonyo Sambu wanaweza kuielewa vizuri kuliko wengi. Julai 17, 2007, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga karibu na Mlima Gelai, chini ya kilomita 100 kutoka kijiji hicho cha upande mkavu wa Mlima Meru, kando ya barabara ya Namanga. Lilisikika Arusha mjini hadi Nairobi. Mitetemo iliendelea kwa wiki kadhaa, na Septemba volkano ya Oldoinyo Lengai ikaanza kulipuka kwa nguvu.

Tetemeko la namna hiyo hutokea miamba inapoteleza kando ya ufa. Upande mmoja husukumwa, mwingine huvutwa. Kwa hiyo kwenye mashine za kupimia, wimbi la kwanza hupanda katika vituo fulani na kushuka katika vingine. Bomu halifanyi hivyo. Lenyewe husukuma mwamba pande zote kwa mkupuo mmoja, na kila kituo chenye usikivu wa kutosha huona wimbi la kwanza likipanda. Tena bomu hutoa mawimbi makali yanayopita tumboni mwa dunia, lakini yale yanayotambaa juu ya ardhi huwa hafifu. Wimbi la kutoka Punggye-ri huchukua kama dakika 13 kufika Kilimambogo, nchini Kenya, umbali wa zaidi ya kilomita 10,000. Huko kuna kituo cha mtandao wa kimataifa wa kusimamia mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia.

Hata hivyo, mtetemo hauwezi kusema kama kilicholipuka ni nyuklia au ni rundo la baruti. Hapo hewa ndiyo shahidi. Atomu za urani au plutoni zikipasuka huzaa gesi ya zenoni yenye mionzi, ambayo hupenya nyufa za mwamba na kupeperuka na upepo. Mwaka ule wa 2006 zenoni ilinaswa mbali kabisa, Yellowknife, nchini Kanada, na Marekani nayo ikasema sampuli za hewa ilizokusanya Oktoba 11 zilikuwa na mabaki yenye mionzi. Shaka ya baruti ikaishia hapo. Dar es Salaam nako kuna kituo cha mtandao huohuo. Kazi yake ni kuvuta hewa kupitia chujio kwa saa 24, kisha chembe zilizonaswa hupimwa mionzi yake.

Mei 2009 Korea Kaskazini ililipua tena, na safari hii vituo havikunasa zenoni yoyote. Wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza upya. Lakini kuiga mlipuko ule kungehitaji maelfu ya tani za baruti kupangwa chini ya mlima na kuwashwa kwa pamoja, jambo ambalo ni gumu mno kulificha. Januari 2016 wakadai wamelipua bomu la haidrojeni. Mtetemo wa ukubwa wa 4.8 haukulingana na dai hilo, na wataalamu walikuwa sahihi kulikataa. Septemba 3, 2017, walilipua tena, na ukubwa wa mtetemo ulifika 6.1. Hapo ubishi juu ya nguvu ya bomu lenyewe ulipungua sana, ingawa kulipua kifaa mlimani na kukipachika kwenye kombora likaruka salama ni kazi mbili tofauti.

Upimaji huo hauhusu Korea Kaskazini peke yake. Kwa Mtanzania wa miaka ya 1980, adui wa karibu alikuwa Kaburu wa Afrika Kusini, ambaye mchezo wake ulikuwa kutokiri wala kukana kwamba ana bomu la nyuklia. Machi 24, 1993, Rais F. W. de Klerk alikiri bungeni kwamba nchi yake iliunda mabomu sita na kuyateketeza. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki halikumpokea kwa maneno matupu. Wakaguzi wake walipekua kumbukumbu za viwanda na kulinganisha urani iliyozalishwa na iliyobaki.

Irak inatuonyesha hatari ya kupuuza ukaguzi wa namna hiyo. Machi 7, 2003, Mohamed ElBaradei, aliyekuwa mkuu wa shirika hilo la atomiki, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba nyaraka zilizodai Irak ilinunua urani kutoka Niger hazikuwa halisi. Siku chache baadaye vita vilianza, na silaha za nyuklia hazikupatikana.

Ndiyo maana nawasihi wahariri wa redio na magazeti yetu: kabla ya kutangaza kwamba taifa fulani lina bomu, au kwamba linadanganya, ulizeni vituo vimepima nini. Kilimambogo na Dar es Salaam si mbali.